Transista Tano Nilizozisugua

Ufunguo wa kabati la dirishani nimeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na daftari hili nimeliweka ndani ya kabati lenyewe, juu ya sanduku la mbao. Vijana wa maabara, siku ya kuniaga mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Vyeo sitaviandika, kwa kuwa vilikuwa vichache na kila kimoja kilichelewa. Mshahara nao hauna hadithi. Nitaandika habari ya kifaa kimoja cha kupimia tabia za transista, na habari ya mtu mmoja, Kombo, niliyemwonea kijicho tangu siku aliyoingia mlangoni hadi, nadhani, Jumatatu iliyopita.

Niliingia skuli ya ufundi hapa Chake Chake mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nikija kwa baiskeli kutoka Pujini, kanzu nimeikunja kwenye karia ili isishike mnyororo. Kazi yangu ilikuwa msaidizi wa maabara, na mkubwa wangu alikuwa Maalim Shaame, mwalimu wa umeme. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, mwenye kovu la kuungua kwenye kiganja ambalo hakuna aliyethubutu kumuuliza alilipata vipi. Siku ya kwanza nilitaraji kupewa bisibisi. Nilipewa chupa ya spiriti na kipande cha fulana kuukuu.

"Weye Khatib," aliniambia, "kabla hujaijua valvu, ijue chupa yake. Chupa chafu, fundi mchafu."

Nyinyi valvu mmezionea kwenye redio za babu zenu tu. Ni machupa ya kioo yenye nyaya ndani. Ukiyatia umeme huwaka wekundu hafifu, na redio haisemi mpaka yapate moto. Wakati ule maabara yetu yote ilikuwa valvu. Kila Alhamisi, masomo yakimalizika, nilizitoa moja moja kwenye soketi zake, nikazifuta kwa spiriti mpaka zikang'aa, nikazirejesha kabla ya mapumziko ya Ijumaa. Maalim alisema vumbi likiungua juu ya chupa huipasua. Sijui kama ni kweli. Alisema yeye, na zamani zile neno la Maalim halikudaiwa ushahidi.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo wageni walilicheka. Valvu zetu zilitumia umeme mkali, wa kumwangusha mtu, na vitabu vilisema fundi atie mkono mmoja mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Sasa wengi wetu tulivaa kanzu au misuri, nguo za kufunga kiunoni, na mifuko ilikuwa haba. Maalim akaamua kwamba mkono wa kushoto ushike sikio. Basi ungepita nje ya dirisha letu ungeona wanafunzi ishirini wameinama mezani, kila mmoja kashika sikio lake, ungesema wote wametiwa adabu. Mimi nililizoea hata nikawa nashika sikio nikitia ufunguo mlangoni kwangu. Mke wangu Mize alidhani nina maumivu.

Kwa mwaka mzima maabara ile ilikuwa yangu. Nilijua soketi gani imelegea na mita gani hudanganya. Maalim hakunisifu, lakini hakumsifu mtu mwingine pia, na hilo lilinitosha.

Kisha akaja Kombo. Alitoka Makangale, kule mwisho wa kisiwa, msituni, na siku ile alifika na mkoba wa ukili na kalamu mbili za risasi zilizochongwa kwa kisu. Aliajiriwa kuwa msaidizi wa pili. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka miwili na mwembamba kwangu kwa kila kitu. Alikuwa na tabia ya kuuliza. Juma la kwanza alimuuliza Maalim kwa nini chupa ya valvu inatolewa hewa. Mimi nilikuwa nimezifuta chupa zile mwaka mzima na sikuwahi kujiuliza kama ndani mna hewa au mna halwa. Maalim alivuta kiti, akaketi, akamweleza kwa saa nzima, na mwishoni akacheka. Nami nilikuwa nyuma ya kabati na chupa mkononi. Sikuwahi kumsikia Maalim akicheka kabla ya siku ile, na sikupenda kujua kwamba anaweza.

Tangu hapo kila jambo la Kombo lilinikaa kooni. Alichora mistari ya grafu kwa mkono mtupu ikanyooka kuliko yangu ya rula. Maalim alimwita kwake kula mchana, kwa kuwa kijana yuko mbali na kwao. Mimi kwetu kulikuwa karibu, nikala muhogo wangu peke yangu chini ya ukuta wa karakana.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini tuliambiwa kuna sanduku letu Mkoani, limeshushwa kutoka Unguja. Tulikwenda kulichukua mimi na Kombo. Tulirudi kwa lori, tumekaa juu ya magunia, na Kombo alilipakata sanduku lile njia nzima kama mtu aliyepewa mwana wa watu amshike. Kila tulipopita shimo alilinyanyua kutoka mapajani ili mshituko usilifikie. Juu yake kulikuwa na kijitabu cha maelekezo. Alikifungua kabla hatujatoka Mkoani, akakisoma hadi Chake. Mimi nilitazama mikarafuu.

Sanduku hilo ndilo mlionalo leo kabatini. Ndani yake mna ubao ulioinama wenye mita mbili, moja ya mkondo mdogo sana na moja ya mkondo mkubwa kidogo, vifundo viwili vya kuzungusha, na vishikizo vitatu vya shaba vilivyokaa pembe tatu. Pembeni, ndani ya pamba, zilikuwemo transista sita. Kila moja ilikuwa kadiri ya kokwa ya tende, ina miguu mitatu ya waya, na imepakwa rangi nyeusi juu hadi chini. Kwa jicho la mtu wa valvu vilikuwa vitu vya kuchekesha. Haviwaki, havipati moto, na hula umeme wa betri za tochi. Nilimwambia Maalim vitu hivi havitafika mbali. Mnaosoma haya mna redio ya namna hiyo mfukoni, kwa hiyo sina la kuongeza.

"Kabati jipya lina ufunguo mmoja," alisema Maalim. "Atakayeunga sawa ndiye atakayeuweka. Khatib, weye mkubwa, anza."

Nilikuwa na hakika. Nilishika sikio kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikaunga nyaya kama nilivyoziunga kwenye valvu mara elfu: upande wa chanya kwenye mguu wa kupokea. Mshale wa mita uliruka hadi mwisho, ukagonga ukingo, ukarudi sifuri ukalala. Hapakuwa na moshi wala mlio. Kitu kilikufa kimyakimya, nami bado nimeshika sikio.

"Hii yataka hasi mguu ule, Khatib," alisema Maalim taratibu. "Imeandikwa ukurasa wa pili. Ushaiua."

Kombo akaunga ya pili. Hakushika sikio. Alisema kijitabu chasema betri hizi hazimdhuru mtu, na Maalim akakubali, yeye aliyetushikisha masikio miaka yote. Mshale ukapanda polepole, ukatulia. Ufunguo ukavishwa uzi, ukaning'inia shingoni kwa Kombo, na jioni ile nikarudi Pujini bila ya kumuaga mtu.

Nikuelezeni jaribio lenyewe, kwa sababu mashine za siku hizi huwachorea nyinyi mistari mkiwa mnakunywa chai. Unaingiza mkondo mdogo kwenye mguu mmoja wa transista, unaushika hapohapo usibadilike. Kisha kwa kifundo cha pili unapandisha umeme kidogo kidogo, na kila hatua unasoma mkondo unaotoka, unatia nukta kwenye grafu. Ukimaliza unaongeza mkondo wa kuingia, unaanza upya. Mwisho unapata mistari mitano, inayopanda ghafla kisha ikalala karibu sambamba, mmoja juu ya mwenziwe. Mistari hiyo ndiyo tabia ya transista. Kombo aliichora juma la kwanza, na ilikuwa mizuri. Nasema hivyo leo. Siku ile nilisema karatasi imechafuka pembeni.

Mkaguzi wa skuli za ufundi alikuwa anakuja kutoka Unguja baada ya mwezi. Barua yake ilisema wazi: kama majaribio yanatoa mistari ileile kila yanaporudiwa, kifaa kitabaki Pemba na Kombo ndiye atakayekisimamia; kama hayatoi, sanduku litarudi Unguja kwa meli aliyojia yeye. Mimi niliomba lirudi. Nilisali sala zangu tano na nikaomba hilo katika kila moja, na sijui ni nani aliyenifundisha kumwomba Mungu aikoseshe kitu skuli yangu mwenyewe.

Alhamisi ikafika. Kombo alikuwa na ruhusa ya kwenda kwao, mama yake alikuwa hajiwezi. Akanipa ufunguo kutoka shingoni mwake.

"Kaka Khatib, siku ya usafi leo. Nnakuachia na kabati hili."

Mara hii ya kwanza, wallahi, sikuwa na nia mbaya. Nilizitoa valvu nikazisugua. Kisha nikafungua kabati jipya, nikazitoa transista tano zilizobaki na kuzifanyia kama nilivyofunzwa: spiriti, kitambaa cha fulana, kidole gumba na cha shahada, zungusha. Kitambaa kikaja cheusi. Nikasema kumbe hawa waliotuletea ni wachafu, wametuletea vitu na masizi yake, na Kombo mwenye akili zote hajaona. Nikasugua zaidi. Nilisugua zote tano kwa bidii ya mtu anayemuumbua mwenziwe.

Kwenye ya tano ndipo nilipoona kioo. Ile nyeusi haikuwa masizi, ilikuwa rangi, na chini karibu na miguu, pale vidole viliposhika sana, ilikuwa imetoka kabisa. Kwengineko ilikuwa imepauka kama wino uliotiwa maji. Nikazigeuza nyingine nne. Zote zilikuwa vilevile.

Nilikwisha kuua moja. Nikiwaambia kwamba nimeharibu na tano, nitasimama wapi? Nikazirejesha kwenye pamba, upande wenye kioo chini, nikafunga, na Jumamosi nikampa Kombo ufunguo wake. Kitambaa nilikitia mfukoni, nikakisahau mpaka Mize alipokikuta kwenye nguo za kufua.

"Masizi gani haya yasotoka?" aliniuliza. "Nimefua mara tatu."

"Ya kazini," nilimwambia.

"Kazi yako siku zote yatoka kwa sabuni," alisema, akakianika hivyohivyo na doa lake. Kitambaa kile kilikaa kwenye kamba siku mbili mbele ya macho yangu.

Jumatatu mambo yakaanza. Asubuhi Kombo alichora mstari, ukalala vizuri. Saa sita mchana akarudia mstari uleule, mkondo uleule, betri zilezile, ukalala juu zaidi. Saa tisa wingu lilitanda, ukashuka. Akabadilisha transista, ya pili ikafanya kama ya kwanza. Akabadilisha tena, na tena. Zote tano zilikuwa na wazimu mmoja.

Kijitabu kilisema transista huogopa joto: ikipata joto mkondo hupanda wenyewe. Kombo akashika hilo. Alileta pepeo la ukili, akawa anaipepea transista kwa mkono mmoja na kuandika kwa mkono mwingine. Akatia maji kwenye kopo, akalifunga kitambaa, akaliweka kando yake ipoe. Wanafunzi walicheka mpaka wakatoka nje. Mmoja alimuuliza kama mgonjwa keshakunywa uji. Mimi nilicheka kuliko wote. Furaha ile niliyoipata, naiandika kama ilivyokuwa, ilikuwa tamu kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa. Kombo alikonda usoni. Aliacha kuuliza maswali.

Siku moja Maalim alimwita mbele yetu sote, akaweka karatasi tano mezani.

"Hii mistari mitano ya transista moja, au ya transista tano?"

"Ya moja, Maalim."

"Basi mkono wako watetemeka, au macho yako yasoma vibaya. Kifaa hakisemi uongo. Rudia."

Maalim hakuwahi kunisemesha mimi kwa sauti ile, hata nilipoua. Nilipaswa kuona huruma. Niliona haki imetendeka.

Nilijua sababu siku chache baadaye, bila ya kuitafuta. Kombo alikuwa kaketi kwenye meza ya dirishani, anasoma mita, nami nikapita kati yake na dirisha nikichukua koleo. Mshale ukashuka. Nikapita kurudi, ukapanda. Nikasimama kana kwamba natazama nje, kivuli changu juu ya ubao, ukashuka, ukatulia. Nikasogea hatua moja, jua likaingia, ukapanda. Joto halikuwa na hatia. Ulikuwa mwanga, unaingia pale nilipotoa rangi. Ile rangi nyeusi ilikuwa nguo yake, nami niliivua.

Hapo ndipo kosa langu lilipogeuka kuwa jambo jingine. Kusugua kulikuwa ujinga, kunyamaza mwanzoni kulikuwa hofu. Lakini tangu siku ile nilijua, na tone moja la wino wa lami lingeyamaliza yote, na sikulitia. Badala yake nikawa na mchezo. Kombo akianza kuchora nasimama dirishani, mstari walala vizuri, uso wake wafunguka. Akifika katikati naondoka. Nilikuwa namchezea mshale kwa mgongo wangu. Kuna siku Mize aliniuliza nini kinanifurahisha siku hizi, nikamwambia Kombo ameshindwa kazi.

"Kakukosea nini?"

Nilifikiri. Nikamwambia huchora mistari bila ya rula.

"Hasidi hana sababu," alisema, akaendelea kukuna nazi. Sikula vizuri siku ile, lakini mchezo sikuuacha.

Mkaguzi akafika. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mizito, Muunguja, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza meli inaondoka saa ngapi. Alikaa kiti cha mbele, Maalim kasimama kando yake, wanafunzi ukutani. Kombo alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya viua aliyoshona mwenyewe. Ubao ulikuwa mezani, dirisha wazi, jua la saa nne limeingia ndani. Mimi nilikwenda nikasimama mahali pangu.

Mstari wa kwanza ulitoka safi. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa.

"Urudie huohuo," alisema.

Nikasogea hatua moja kushoto, nikajifanya napanga koleo.

Mshale ukapanda. Kombo akasoma namba. Ilikuwa mbali na ya mwanzo. Akasoma ya pili, mbali zaidi. Mkaguzi akavua miwani. Maalim akatazama chini, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Maalim naye ana kitu cha kupoteza: sanduku lile alikuwa amelililia kwa barua miaka miwili. Sikusogea. Nilikuwa na nafasi ya kurudi hatua moja tu kulia na sikurudi.

Kombo akaweka kalamu chini. Hakutazama mita. Alinitazama mimi, kitambo, bila ya hasira, kama mtu anayesoma namba. Kisha akavua kofia yake akaifunika transista.

Mshale ukashuka hadi pale ulipokuwa.

Akainua kofia, ukapanda. Akafunika, ukashuka. Akaniambia, kwa adabu kabisa, "Kaka Khatib, hebu simama pale dirishani." Nikasimama. Akainua kofia na mshale haukupanda ila kidogo. "Sasa ondoka." Nikaondoka, ukapanda. Nilitembezwa mbele ya chumba kizima, kulia na kushoto, na kila hatua yangu mshale uliiandika.

Mkaguzi alisimama. Akaja mezani, akaifunika mwenyewe kwa kiganja, akaifunua, akacheka kwa sauti. "Subhanallah! Inaona!" alisema. "Kidude hiki kinaona mwanga!" Akaichomoa, akaipindua, akaona kioo pale chini. "Rangi imetolewa. Nani kaitoa?"

Nilijua nikisema ni mimi, nitaulizwa lini, na nikiulizwa lini, nitaulizwa kwa nini nilinyamaza. Maalim alikuwa amekwisha kunitazama. Aliijua Alhamisi na aliijua fulana yangu.

"Mimi, Bwana," alisema Kombo. "Niliitoa makusudi, wanafunzi waone kwamba mwanga nao huzaa mkondo."

Uongo mzuri namna ile sijausikia tena. Mkaguzi alimshika bega. Kombo alipaka zile nne nyingine rangi nyeusi mbele yake, akachora mistari mitano, akairudia, ikalala mmoja juu ya mwenziwe hata ungedhani ni karatasi moja. Sanduku likabaki Pemba. Na kabla ya mwaka kwisha ikaja barua: Kombo apelekwe ng'ambo akasome, kwa sababu ya lile alilolifanya na kofia.

Siku ya kuondoka alivua ule uzi shingoni akanivisha mimi. "Huu wako," alisema. Maalim alikuwepo. Hakuniuliza siku ile wala siku nyingine hadi kufa kwake, Mungu amrehemu, ila tangu siku ya mkaguzi kitambaa cha Alhamisi alikishika mwenyewe.

Basi nikapata nilichokitaka. Kabati, ufunguo, kifaa, maabara nzima. Na kila mwaka, kwa miaka yote hii, nimewafundisha wanafunzi jaribio la kofia. Mliokuwa wanafunzi wangu mnakumbuka nikilitaja, "jaribio la Kombo," kwa sauti kavu, mkadhani ni umri. Alituletea barua, alituletea picha yake kavaa koti zito, alirudi akawa mwalimu wa walimu kule Unguja. Kila habari yake njema niliipokea kama mtu aliyepakuliwa kidogo mezani kwake mwenyewe. Kosa lilikuwa langu! Spiriti yangu, fulana yangu, kidole changu gumba. Aling'ara kwa uharibifu wangu, nami sikuweza kuudai bila ya kusema na yaliyofuatia. Sijui kama kuna kijicho kibaya kuliko cha kumwonea mtu kwa sababu ya kosa ulilolifanya wewe.

Jumatatu iliyopita, kwenye chai mliyoniandalia, alikuja. Mlimwona: mzee mwembamba mwenye bakora, aliyeomba aone kabati. Mlitoka mkatuachia chumba. Nikamfungulia sanduku. Ile transista ya tano bado ipo, haikupakwa rangi. Akaiweka kiganjani, akaisogeza karibu na macho.

Nikamuuliza nililotaka kumuuliza tangu ujana. "Ulijua lini?"

"Wiki moja kabla ya mkaguzi. Mshale ulikuwa wakupenda, yakhe. Kila ukija washuka, kila ukenda zako wapanda. Nkasema hakuna joto liendalo kwa miguu, nkangoja useme mwenyewe."

"Na ulijua ni mimi niliyesugua."

"Nani mwengine angesugua kwa bidii namna ile?"

Nikakaa kitini. "Basi nambie, Kombo. Siku ile uliposema 'mimi', ulinisitiri au uliniibia?"

Alicheka kidogo, kicheko kilekile cha Maalim, alikichukua wapi sijui. Akairudisha transista kwenye pamba yake, akafunika sanduku, akanitazama kwa namna aliyonitazama siku ya mkaguzi.

"Yote mawili," alisema. "Nlitaka kukusitiri. Lakini neno lilipotoka nkaona mkaguzi alivyofurahi, na sikulirudisha. Nimengoja uniulize miaka yote hii, n'kuombe radhi. Mbona hukuuliza?"

Yeye alikuwa na jibu lake tayari miaka yote, fupi na la kweli, na mimi hata swali nilichelewa nalo. Nilimwonea wivu kwa jibu lile pia. Kisha nikamsamehe, akanisamehe, tukanywa chai yenu iliyokuwa imepoa.

Sasa maelekezo ya kazi. Transista za zamani msizifute kwa spiriti. Kitambaa kikavu kinatosha. Kabati mliondoe dirishani, lisipigwe na jua. Na mtaona kwamba kile kibandiko cha zamani cha sanduku, kilichosema "Jaribio la Kombo," nimekibandua. Nimeweka kipya, nimeandika kwa wino mweusi: "Transista hizi zilisuguliwa na Khatib wa Pujini, siku ya Alhamisi, naye akanyamaza." Jina la Kombo nimeliandika chini yake, kwa herufi ndogo kidogo.